Kadi Kubwa ya Picha Katika Kompyuta ya Nyumbani: Ni Haja au ni Israfu?



Wazazi wengi wanapokwenda kununua kompyuta ya nyumbani, ya watoto kusomea, kusikilizia mawaidha na kutazamia video, huambiwa kuwa isiyo na kadi kubwa ya picha haifai. Vijana nao huitikia kwa nguvu zote. Sisi tunaona kadi hiyo isifanywe sharti la kila kompyuta, na sababu zetu ni hizi.

Kwanza, haja yenyewe. Kazi ya kadi ya picha ni kuchora yale tunayoyaona kwenye skrini. Zamani ilihitajika sana. Lakini tangu mwaka 2011 Intel na AMD wamekuwa wakitoa prosesa za kawaida ambazo ndani yake mna sehemu ya picha inayoonyesha video za HD bila taabu. Hata Raspberry Pi 4, kikompyuta cha ukubwa wa kiganja kilichotoka mwaka 2019, huonyesha video za 4K bila kadi ya ziada.

Pili, gharama. GeForce RTX 4090 ilipotoka mwaka 2022 ilitangazwa kwa dola 1,599 za Marekani, nayo peke yake huweza kula wati 450. Ikitumika kwa nguvu hizo saa 3 kwa siku, ni uniti 1.35 za umeme. Kadi ndogo zipo, lakini hata pesa ya kadi ndogo mara nyingi ingefaa zaidi kuongezea memori au kuwekea diski ya SSD.

Wapo watakaosema kuwa tunataka watu wauziwe mashine dhaifu. Hoja hii ina uzito. Mwaka 2006 huko Marekani kompyuta nyingi zilibandikwa lebo ya kuwa zinaiweza Windows Vista, kumbe baadhi hazikuweza kuonyesha sura yake mpya ya Aero kwa udhaifu wa sehemu ya picha. Mwaka 2007 Microsoft ikashitakiwa. Lakini malalamiko yalikuwa juu ya lebo. Dawa ya lebo isiyo wazi ni muuzaji kusema kweli, si kumbebesha kila mnunuzi kadi.

Ama kijana anayejifunza kuhariri video au kuchora majengo kwa 3D, kadi kwake ni chombo cha kazi. Ndiyo maana tunashauri familia inunue kompyuta ya mezani yenye nafasi ya kadi, iongezwe haja ikija. Laptopu nyingi haziruhusu nyongeza hiyo, basi uamuzi ufanywe kabla ya kulipa.

Wazazi, kabla hamjatoa pesa muulizeni mtoto: ni kazi gani inayoshindikana bila kadi hii? Akiitaja kazi, msikilizeni. Akitaja michezo tu, fikirini kwanza karo na madaftari ya wadogo zake.

Wabillahi tawfiq.