Sabuni juu ya meza ya mwenzako



Wengi wenu mnaanza kazi, au mafunzo ya kazi, katika chumba kimoja na watu wanne au watano: sekretarieti ya shule, ofisi ya chama cha akiba, kituo cha afya, chumba cha walimu. Dirisha ni moja, meza ni mbili, viti havitoshi. Humo mtajifunza hesabu na barua, lakini mtajifunza pia desturi zisizoandikwa. Moja kati ya hizo tunataka kuipinga leo kwa nguvu zetu zote.

Desturi yenyewe ni hii. Mmoja wa wafanyakazi ananuka jasho, au kinywa chake kina harufu. Wenzake wanakunja pua. Wanatazamana. Mmoja anafungua dirisha kwa kishindo, mwingine anatoka nje akijipepea kwa daftari. Majuma yanapita bila mtu kumwambia lolote. Kisha asubuhi moja mhusika anafika kazini na kukuta kipande cha sabuni kimewekwa juu ya meza yake, juu ya karatasi zake. Hakuna aliyekiweka. Wote wanaandika, wote wameinamisha vichwa, na wote wanajua.

Watu wanaliita jambo hilo fundisho. Sisi, ambao tumetumia miaka mingi kufundisha na kuwafundisha wanaofundisha, tunakataa kuliita hivyo. Fundisho lina mwalimu anayejulikana, tena lina nafasi ya kuuliza swali. Sabuni ile haina hata kimoja cha hivyo. Ni adhabu iliyotolewa gizani.

Tusieleweke vibaya: hatusemi kwamba pua ya jirani haina haki. Anayefanya kazi katika chumba cha wengi anadaiwa usafi, na kazi za mwili zina mahali pake. Kukata kucha mezani hadi vipande viruke kwenye kitabu cha mapokezi. Kuchokonoa sikio kwa kifuniko cha kalamu ambayo baadaye mwingine ataiazima. Kufumua nywele na kuacha nyuzi zikitembea sakafuni. Kunyoa ndevu mbele ya kioo cha simu. Kupaka rangi ya kucha katika chumba kisicho na hewa. Kuvua viatu chini ya meza saa nane za mchana: hayo yote ni makosa ya adabu, na kijana aliyelelewa vizuri hayafanyi. Tunawapa kanuni moja iliyo rahisi kukumbuka. Tendo lolote la kujitunza linaloacha nyuma yake kitu, harufu au sauti, lifanyike nyuma ya mlango uliofungwa. Kunyosha ukosi wa shati au kufuta jasho la paji la uso hakumdhuru mtu.

Hata watu wa La Sape, ambao mtindo wao Papa Wemba aliueneza Kinshasa na hadi Ulaya, wanaijua kanuni hiyo. Mtu wa namna hiyo hujitengeneza saa nzima, lakini hujitengeneza nyumbani. Barabarani tunaona matokeo tu. Hatuoni wembe wala pasi.

Kuna watakaotujibu: “Mwili ni wangu, unakuhusu nini?” Ndiyo, mwili ni wako. Lakini hewa ya chumba ni ya wote, meza ni ya wote, na mgeni anayeingia kuomba huduma hakuja kuona kucha zako. Jibu hilo la “mwili ni wangu” ni la mtu anayedhani kwamba wenzake ni samani.

Sasa tufike kwenye unafiki unaotukasirisha. Katika ofisi hizo hizo yupo mkubwa anayejipulizia manukato mezani mara tatu kwa siku, hadi mwenye pumu anakosa pumzi na mwenye kipandauso anashika kichwa. Manukato makali yanaweza kweli kuamsha shambulio la pumu. Hayo si majivuno ya wagonjwa. Je, mmewahi kusikia mkubwa huyo amekuta sabuni, au karatasi yoyote ya onyo, juu ya meza yake? Hapana. Harufu ya mwenye cheo huitwa utanashati, na harufu ya aliyetembea kwa miguu kutoka mtaa wa mbali huitwa uchafu. Basi tuseme ukweli: mara nyingi tunayempelekea sabuni si yule anayetusumbua zaidi, bali yule asiyeweza kutufanya kitu.

Tena tunahukumu bila kujua. Jasho jipya karibu halina harufu. Harufu huja baadaye, vijidudu vidogo vinavyoishi katika ngozi vinapolivunja jasho, hasa lile la kwapani, ambalo tezi zake huanza kazi mtoto anapobalehe. Shati la poliesta hushika harufu kuliko la pamba, hata likifuliwa. Na shati la poliesta ndilo ambalo wengi wanaweza kulinunua. Yapo pia magonjwa ambayo dalili yake ni harufu: ugonjwa wa fizi, kisukari kilichozidi, figo zilizochoka. Upo hata ugonjwa wa kuzaliwa nao, usio wa kawaida, unaoufanya mwili utoe harufu kama ya samaki, na mgonjwa aoge mara ngapi haiondoki. Kwa mtu wa namna hiyo kipande chako cha sabuni kitasaidia nini? Kitamfundisha tu kwamba watu anaofanya nao kazi ni maadui.

Halafu kuna maji. Wanaosoma ukurasa huu huko Goma wanajua tunalosema. Mji umekaa juu ya mawe ya Nyiragongo, volkano iliyolipuka mwaka 1977, mwaka 2002 na mwaka 2021. Ziwa Kivu liko mbele ya macho, na bado familia nyingi huamka usiku kutafuta maji, huyabeba kwa bidoni za manjano au huyalipia yaletwe kwa chukudu. Katika nyumba ya watu wanane, bidoni moja ya lita 20 inapikiwa, inanyweshwa watoto, inaoshewa vyombo. Kinachobaki ndicho cha kuoga. Binti anayetoka katika nyumba hiyo akafika kazini saa moja na nusu, amevaa nguo iliyopigwa pasi, amefanya kazi kubwa kabla ya kazi. Anayemwekea sabuni mezani anamwambia kwamba hana sabuni. Mara nyingi sabuni anayo. Kilichokosekana ni maji.

Zaidi ya hayo, sisi Wakongomani tungepaswa kuwa watu wa mwisho duniani kuufanya usafi kuwa mtihani wa kumpima binadamu. Wazee wetu walipimwa hivyo. Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ya Ubelgiji iliweka kadi maalumu kwa Wakongomani waliosoma, wale walioitwa “évolués”, na mwaka 1952 ikaongeza ngazi ya juu zaidi ya kuandikishwa. Aliyeomba alichunguzwa hadi nyumbani kwake: jinsi anavyokula, jinsi anavyokaa na mkewe, jinsi nyumba yake ilivyo safi. Mtu mzima, mwenye elimu na kazi, alisimama kando akisubiri wageni wakague chungu chake ili waamue kama amestaarabika. Waliokubaliwa katika ngazi ile ya juu walikuwa wachache sana. Baada ya uhuru tukapimwa tena kwa namna nyingine: katika miaka ya 1970 suti na tai vilikatazwa, abacost ikawa vazi la ofisini, na tai haikurudi shingoni kwa ruhusa mpaka hotuba ya Mobutu ya tarehe 24 Aprili 1990. Watu waliokaguliwa hivyo na watawala, leo wanakaguana wao kwa wao, meza kwa meza. Huo ni urithi mbaya, na hatutaki muupokee.

Tunajua utetezi wa wanaoweka sabuni. Wanasema: “Kumwambia mtu uso kwa uso kutamwaibisha, heri ishara.” Tunawauliza: aibu ipi iliyo kubwa, ya kuambiwa na mmoja faraghani, au ya kugundua kwamba chumba kizima kimekujadili? Ishara haimlindi anayeipokea. Inamlinda anayeituma, asionekane, asijibu, asisikie habari ya maji wala ya ugonjwa. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu: mtumaji wa sabuni, akiikuta siku moja juu ya meza yake mwenyewe, hataliita fundisho. Na wale kati yetu wanaoshika Injili wanajua kwamba Mathayo, katika sura ya 18, anataka onyo kwa ndugu lianzie kati ya watu wawili peke yao. Hakuna mahali panaposema lianzie mezani pake akiwa hayupo.

Basi tuseme namna. Mwenye kuonya awe mmoja, tena awe yule aliye karibu naye. Mwanamke aambiwe na mwanamke, mwanamume na mwanamume. Kijana asimwendee mzee. Amwombe mzee mwenzake wa rika moja, maana papa wa miaka 60 ataweza kusikia kwa rafiki yake neno ambalo kwa kijana lingekuwa tusi. Mahali pawe nje ya chumba, wakati uwe mwisho wa kazi, ili mwenzetu asilazimike kurudi kukaa mbele ya macho ya watu. Maneno yawe machache: “Dada, nina neno gumu, nakuambia kwa sababu mimi pia ningependa kuambiwa. Siku hizi kuna harufu ya jasho. Labda hukuitambua. Kama kuna shida ya maji au ya afya, niambie tuone.” Kisha nyamaza, usikilize. Usiseme “wote wanalalamika”, hata kama ni kweli. Neno hilo moja linamgeuza mwonyaji kuwa mjumbe wa baraza. Ukishasema, usirudie, usimsimulie mtu, na kesho yake mwamkie kama kawaida.

Anayeambiwa naye ana wajibu wake. Asikasirike na aliyethubutu. Katika chumba cha watu watano, huyo ndiye aliyemheshimu kuliko wote.

Tuna neno pia kwa wakubwa wa kazi. Tumeona matangazo yaliyobandikwa ukutani, “Usafi ni lazima kwa kila mfanyakazi”, juu ya bomba lisilotoa tone tangu msimu uliopita. Sheria ya Kazi ya nchi yetu, ya tarehe 16 Oktoba 2002, inazungumza juu ya afya na usalama mahali pa kazi, na afya haianzi na tangazo. Inaanza na bidoni iliyojazwa kila asubuhi, beseni, sabuni ya wote, ndoo ya taka yenye kifuniko, na choo chenye mlango unaofungwa, ili binti aliye katika siku zake asilazimike kuomba ruhusa ya kurudi nyumbani. Kioo kidogo kikitundikwa humo, hakuna atakayechana nywele mezani tena. Gharama ya vitu hivyo ni ndogo. Mkubwa anayewadai watu usafi bila kuwapa maji anadai kodi katika soko alilolifunga mwenyewe.

Mtu atasema kwamba tunafanya jambo dogo kuwa kubwa: nchi ina vita, nchi ina njaa, ninyi mnazungumzia kwapa. Tunajibu kwamba vijana huacha kazi kwa sababu ya jambo hili dogo. Anayeonewa aibu kila siku hukaa mbali, husema kidogo, haombi kuelekezwa, na mwishoni haji tena. Nasi tunaandika kwenye ripoti kwamba “hakuonyesha bidii”. Kutupa mtu nje ya riziki yake kwa kipande cha sabuni ni udhalimu kama udhalimu mwingine, tofauti ni kwamba huu unanukia vizuri.

Kabla ya kutawanyika katika mkutano wenu wa juma hili, zungumzeni maswali haya matatu. Katika mahali petu pa kazi au pa masomo, ni nani tunayemvumilia kwa sababu ya cheo chake, na ni nani tunayemcheka kwa sababu hana cheo? Mahali petu pa kukutania, je, pana maji na mlango? Na kama mwenzetu ana shida ya mwili wake leo, ni nani kati yetu atakayemwendea, peke yake, kabla ya Jumapili?

Usafi ni heshima tunayopeana. Anayeutumia kumfedhehesha mwenzake, hata akiwa ameoga mara mbili, ndiye aliyechafua chumba.