Mbona Hakulia?

Kila mwaka joto likipanda Marekani, habari ile ile hurudi: mtoto mdogo amepatikana amekufa ndani ya gari lililofungwa, na mzazi anasema alimsahau. Kabla hata mwili haujafika mochari, kesi imeshaamuliwa kwa simu. Na sisi huku Nairobi tunashiriki. Tuko kwa matatu, jam imekaza Pangani, tunasoma komenti na kuongeza zetu. Nani husahau mtoto? Simu yake mbona hakuisahau? Mbona hakulia? Huyo aliua, bana.

Nataka kubishana na komenti hizo. Najua kuna wazazi wanaoua watoto wao. Najua pia kuna wanaomwacha mtoto garini wakijua kabisa, wakaingia zao dukani ama kazini. Ninachopinga ni kipimo chetu cha kuwatambua. Tunaangalia uso wa mtu katika saa mbaya kuliko zote maishani mwake, tukiona haufanani na uso tuliouzoea kwenye sinema, tunasema tumepata muuaji.

Chukua kesi moja iliyofika mwisho wake, ili tusibishane hewani.

Tarehe 18 Juni 2014, katika kaunti ya Cobb iliyo kando ya jiji la Atlanta, Justin Ross Harris alikula kiamsha kinywa mkahawani na mwanawe wa miezi 22. Baadaye akamfunga kwenye kiti chake, nyuma ya gari. Alipaswa kumpeleka kituo cha kulelea watoto kisha aende kazini. Kutoka mkahawani hadi ofisini ni mwendo wa dakika chache. Akaenda ofisini moja kwa moja. Mchana alirudi garini kuweka balbu alizokuwa amenunua, akafunga mlango akarudi kazini. Mtoto alikaa mle ndani karibu saa saba, siku ambayo joto la nje lilipita nyuzi 30. Baba aligundua akiwa njiani baada ya kazi. Akaingia kwenye maegesho ya maduka, akamtoa mtoto na kumlaza chini, huku watu wakikusanyika.

Hizo dakika chache, pamoja na zile balbu, ni mambo mazito. Polisi walikuwa na kila sababu ya kuuliza. Lakini angalia kilichofuata.

Afisa mpelelezi alisimama mahakamani mwezi uliofuata akaeleza kwamba baba hakuonyesha uchungu. Ikasemwa alikuwa ametafiti mtandaoni jinsi gari lenye joto linavyoua. Kesi iliposikilizwa, ilibainika kwamba alikuwa ametazama video ya daktari wa mifugo anayewaonya watu wasiache mbwa garini. Video ya kuonya watu ikawa ushahidi wa mpango wa kuua.

Mama naye hakuachwa. Alipofika kumchukua mtoto, aliambiwa hakuletwa siku hiyo. Akasema lazima mumewe amemwacha garini. Dunia ikaruka: alijuaje? Kwani ungetaka aseme nini? Mtoto hayuko kituoni, na aliyekuwa naye asubuhi ni baba peke yake. Wewe ungewaza gari ama ungewaza mwezi? Kisha mazishini akasema hata kama angeweza kumrudisha mwanawe, hangemrudisha kwenye dunia hii, kwa kuwa yuko mbinguni. Hilo nalo likawekwa kwenye orodha ya mashaka. Nimekaa kwenye viti vya plastiki vya matanga mengi kutosha kujua kwamba maneno hayo husemwa kila Jumamosi nchi hii. Amepumzika. Yuko pahali pazuri. Mungu amempenda zaidi. Hakuna anayempigia polisi simu.

Halafu zikatoka meseji. Siku ile ile, akiwa ofisini, Harris alikuwa akiwaandikia wanawake kadhaa mambo ya ngono, na katika mawasiliano yake kulikuwa na msichana ambaye hajafikisha umri. Hapo kesi ikaisha kwa wengi. Mume mwongo, mzinzi, anayewatumia wasichana wadogo uchafu. Mtu kama huyo anashindwaje kuua?

Umaarufu wa kesi ulikuwa mkubwa hivi kwamba ilibidi ihamishwe kutoka kaunti ile ikasikilizwe Brunswick, mbali kabisa. Mwaka 2016 alipatikana na hatia ya kuua, akahukumiwa kifungo cha maisha bila msamaha na miaka mingine 32 juu yake. Mke, ambaye wakati huo walikuwa wameshaachana na hakuwa na sababu yoyote ya kumsitiri, alitoa ushahidi kwamba Harris alimpenda mtoto wake. Haikusaidia.

Juni 2022, Mahakama ya Juu ya Georgia ikafuta hatia ile ya mauaji. Majaji 6 dhidi ya 3 walisema baraza la wazee wa mahakama lilimwagiwa ushahidi mwingi mno wa tabia zake za ngono, ushahidi ambao haukuonyesha kwamba alitaka mwanawe afe, na ambao ulitosha kuwafanya wamchukie tu. Walikubali kwamba ushahidi uliobaki ungeweza kisheria kumtia mtu hatiani, lakini wakasema haukuwa na uzito mkubwa. Mei 2023 waendesha mashtaka wakaamua hawatarudia kesi ya mauaji. Makosa ya kumtumia uchafu msichana yalibaki pale pale, na hayo aliyatumikia hadi alipotoka 2024.

Sisemi Harris ni msafi. Alichomfanyia yule msichana ni uhalifu, na alifungwa kwa haki. Ninasema swali la mahakama lilikuwa moja: je, alimwacha mtoto makusudi? Na jibu lililotolewa na umma lilikuwa la swali lingine: je, ni mtu mbaya?

Usidhani hili ni jambo la Wamarekani na majaji wao. Sheria yetu ya Ushahidi, kifungu cha 57, inakataza kwa kawaida kutumia tabia mbaya ya mshtakiwa kumtia hatiani. Katiba ya 2010, kifungu cha 50, inasema mshtakiwa ahesabiwe hana hatia mpaka ithibitishwe vinginevyo. Walioandika hayo walitujua vizuri. Walijua tukiachiwa tutamhukumu mtu kwa mavazi, kwa mpango wa kando, kwa picha ya klabu ya 2019. Mtoto akizama kwenye ndoo ya maji ndani ya ploti, swali la kwanza mtaani ni mama alikuwa wapi na alikuwa na nani. Ndoo isiyokuwa na kifuniko haiulizwi na mtu.

Sasa turudi kwa lile swali la matatu: nani husahau mtoto?

Mwaka 2009 mwandishi Gene Weingarten wa gazeti la Washington Post aliwafuatilia wazazi waliofanya hivyo, na makala yake ikashinda tuzo ya Pulitzer mwaka uliofuata. Kati ya waliowahi kusahau kulikuwa na polisi, mhasibu, daktari wa watoto, na hata mwanasayansi wa roketi. Nenda ukatafute ndani ya orodha hiyo aina ya mtu ambaye si wewe.

Profesa David Diamond wa Chuo Kikuu cha South Florida amechunguza visa hivi kwa miaka mingi. Anaeleza kwamba ubongo una kumbukumbu ya mazoea, ile inayokuendesha hadi kazini bila kufikiri, na kumbukumbu nyingine ya kushika jambo ulilopanga kulifanya baadaye. Ukiwa umechoka, hujalala vizuri, una presha ama ratiba imebadilika kidogo, ile ya mazoea hushinda. Unajua hali hiyo. Mama alikuomba umpitishie dawa kwa duka la dawa ukitoka job. Uliapa. Ukafika keja, ukavua viatu, ukakumbuka akipiga simu. Ulimpenda mama yako muda wote huo. Upendo haukuwa na kazi yoyote kwenye ile kona ulipopaswa kukata.

Utasema dawa si mtoto. Kweli, kwako na kwangu si sawa hata kidogo. Kwa ile sehemu ya ubongo inayoendesha gari, zote ni kona uliyopaswa kukata ukapitiliza. Tena ubongo hufanya ubaya zaidi: unaweza kukuaminisha kwamba umeshamwacha mtoto shuleni, kwa kuwa ndivyo hufanyika kila siku. Ndiyo maana mzazi hufanya kazi siku nzima bila wasiwasi, anacheka, anachati, anarudi garini kuweka kitu bila kutazama nyuma. Kwake mtoto yuko salama anacheza na wenzake. Utulivu ule tunaouona wa kishetani ni utulivu wa mtu asiyejua.

Na kuna sababu mtoto haonekani. Miaka ya 1990 huko Marekani mifuko ya hewa ya mbele iliua watoto waliokuwa wameketi kiti cha mbele. Wazazi wakaambiwa wawahamishie nyuma, na wachanga watazame nyuma. Ushauri ulikuwa mzuri na umeokoa wengi. Lakini ukimtazama mtoto aliyelala kupitia kioo cha dereva, unaona mgongo wa kiti tu. Kiti kikiwa na mtoto na kikiwa kitupu ni kile kile. Tangu 1998, kwa hesabu za mtaalamu wa hali ya hewa Jan Null, takriban watoto 1,000 wamekufa hivi Marekani, wastani wa karibu 37 kwa mwaka. Zaidi ya nusu walisahauliwa. Je, tuamini nchi ile ina mamia ya wazazi wauaji waliochagua njia moja, na kila mmoja akaifanya mahali ambapo lazima angekamatwa?

Basi mbona tunapenda sana kuamini hivyo? Kwa sababu ukweli unatisha kuliko shetani. Kama yule baba ni muuaji, mimi niko salama, mwanangu yuko salama, tuendelee na safari. Kama alisahau tu, basi hakuna kitu kinachonitenganisha naye isipokuwa bahati. Hasira yetu mtandaoni ni woga uliovaa koti la haki. Wahenga walisema hujafa hujaumbika, na sisi tunaandika komenti kana kwamba tumeshaumbika tukakamilika.

Kama ingekuwa ni kuumiza hisia za mzazi peke yake, labda ningenyamaza. Mzazi huyo hakuna neno letu litakalomzidishia. Lakini anayelipia mashaka yetu ni mtoto wa kesho. Mtu anayeamini kwamba ni wabaya tu wanaosahau hatachukua tahadhari yoyote, maana yeye si mbaya. Atacheka akiambiwa kuna kifaa cha kukumbusha. Italia waliamua kutocheka. Tangu Novemba 2019 sheria yao inadai kiti cha mtoto wa chini ya miaka minne kiwe na kifaa cha kumwonya dereva. Walianza na wazo kwamba mzazi mzuri anaweza kusahau. Ukianza na wazo kwamba ni wauaji, unajenga jela tu.

Na usiniambie Nairobi hakuna joto. Utafiti uliochapishwa 2005, ambao Null alishiriki, ulipima gari lililoegeshwa juani. Nje kukiwa na nyuzi 22, ndani kulifika 47 kwa saa moja, na sehemu kubwa ya joto hilo ilipanda ndani ya nusu saa ya kwanza. Kufungua dirisha kidogo hakukubadilisha mengi. Nyuzi 22 ni asubuhi ya kawaida hapa. Mombasa hata tusiizungumzie. Na sisi ndio hao tunaonunua Vitz kwa mkopo, tunafanya kazi mbili, tunalala saa tano, mtoto anashushwa na yule aliye huru asubuhi hiyo. Sifa zote tunazo.

Kwa hiyo, ukiwa na mtoto garini, weka nyuma kando yake kitu ambacho huwezi kuingia kazini bila hicho: kitambulisho cha kazi, begi ya laptopu, hata kiatu cha kushoto. Elewana na mwalimu wa chekechea kwamba mtoto asipofika asubuhi, anapiga simu papo hapo, na anapigia wazazi wote wawili. Ukipita karibu na gari ukaona mtoto peke yake, piga kelele kwanza, heshima baadaye.

Na habari ikija tena, maana itakuja, waachie wapelelezi wafanye kazi ya saa, nyayo, simu na mashahidi. Kama aliua, hayo ndiyo yatakayomshika. Jinsi alivyolia haitamshika mtu ila asiye na hatia. Mimi sijui ningeliaje. Hata wewe hujui.