KLINIKI BILA NESI? WENYE SPA, SHUSHENI HAYO MABANGO

Wadau, leo nasema hata mkininunia.

Sasa hivi kila mwenye wafuasi wengi anafungua sehemu ya masaji, skrabu na "tiba". Sina ugomvi na hilo, kila mtu atafute riziki yake. Ugomvi wangu ni bango la nje. Ndani kuna kitanda kimoja, ndoo ya maji ya moto na chupa ya mafuta ya nazi, nje pameandikwa KLINIKI. Mwenyewe kasomea kusuka nywele, Insta anajiita Dokta. Jamani!

Na wale mastaa wawili watatu mnaowajua (siwataji, msinichongee), mchezo wao ni uleule: jina wanalitafuta miezi mitatu, mkandaji wanamtafuta siku mbili. Mara Paris, mara Dubai, mara Miami. Sasa na huku wadogo zao wanaiga. Dada, upo Kilwa Masoko, Miami imefikaje hapo?

Mtasema ni jina tu, lina madhara gani? Lina. Huku kwetu Kikole, mwanamke akijifungua anakandwa maji ya moto. Ni kazi ya wajuzi, bibi zetu wameifanya miaka yote. Sasa chukulia mzazi wa siku ya tano kapandwa na homa, damu inamtoka nyingi. Hizo ni dalili za hatari, anatakiwa awahishwe zahanati au hospitali saa hiyohiyo. Ila mumewe kaona bango la KLINIKI jirani na stendi, kampeleka pale. Wanamkanda, wanamnywesha tangawizi, saa zinakatika. Akifa, bango halipandishwi mahakamani.

"Mbona nina cheti cha BRELA?" Hongera. BRELA wanaangalia kama jina lako limefanana na la mwingine aliyewahi kusajili, halafu wanaweka kumbukumbu kwamba biashara ni yako. Hawaji kukupima kama unajua kukanda mgongo. Kutibu ni habari nyingine: kituo binafsi cha afya kina usajili wake Wizara ya Afya, na mganga wa mitishamba ana Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lipo kwa sheria ya mwaka 2002. Cheti cha jina si ruhusa ya kutibu. Usitutishe nacho.

Mfano upo hapahapa kijijini. Mwaka 2009 msitu wa Kikole, pamoja na wa wenzetu wa Kisangi, ulipata cheti cha FSC, cha kwanza Afrika kwa msitu wa asili unaosimamiwa na wanakijiji. Ile alama ya kuuzia mpingo haikuja kwa kuchagua rangi nzuri. Wakaguzi walikuja kwanza, wakaangalia msitu unavyotunzwa na miti inavyovunwa, ndipo alama ikafuata. Wazee wa msituni wanajua kazi inatangulia alama. Sisi wenye simu janja tumegeuza.

Sasa uite nini? Ita unachofanya. Unasugua kwa singo na liwa? Andika singo na liwa. Unafukiza udi? Sema udi. Unakanda wazazi? Andika "Mkandaji", na jina la mtaa wako. Kipimo ni rahisi: bibi asiyejua Insta akisomewa hilo bango, ajue ndani atakuta nini na hatakuta nini. Na bodaboda akitajiwa, akufikishe.

Najua mtaleta ile ya "mteja anataka cha kizungu". Mteja gani? Mgeni anayekuja Kilwa kafuata magofu ya Kisiwani, yapo kwenye urithi wa dunia tangu 1981. Hajapanda ndege na boti aje kupakwa mafuta ya Miami. Na bibi harusi wa hapa anaijua singo toka kwa somo wake, hahitaji umbadilishie jina ndiyo umpandishie bei.

Neno kliniki waachieni wenye nesi. Neno dokta waachieni waliolisotea darasani. Wewe staa unayejijua, bango linashuka kwa ngazi na bisibisi, dakika kumi tu.

Kamenti ziko wazi. Njooni na matusi yenu, ila mje na leseni.