Mtaka cha uvunguni

BARAZANI na Mzee Kikofia

Jumamosi iliyopita jioni, pale kituoni Tegeta, mama mmoja nisiyemjua aliingia chumbani kwa mpwa wangu akiwa na ndoo ya samaki, akaketi kitandani na kuuliza: "Bunju B mnafika?"

Chumba chenyewe kina magurudumu manne. Ngoja nianzie mwanzo.

Wasomaji wa safu hii mnamfahamu mpwa wangu. Ndiye yule wa kware. (Kwa waliochelewa kujiunga: kware walikufa, mabanda yapo, anayeyataka aje na kirikuu.) Safari hii amenunua kipanya, Toyota HiAce ya miaka ya tisini, dizeli, iliyopiga daladala mpaka daladala yenyewe ikaikataa. Ameng'oa viti vyote. Ameweka kitanda, kabati, sinki, friji na vile vitaa vidogo vinavyobadilika rangi kama ukumbi wa harusi. Anataka kuhamia humo mwaka mzima: Dar mpaka Tunduma, avuke Zambia, ateremke hadi Cape Town. Kodi ya nyumba, anasema, ni kulipia mahali ili usiende popote.

Ndoto ni nzuri na niliisikiliza nikiwa nimekunja miguu. Lakini niseme mapema nisije nikamaliza karatasi: huyu kijana, na wenzake wote walioingia kwenye mchezo huu, wanaanzia juu. Wanapiga mbao vanishi kabla hawajaingia uvunguni na tochi. Wanachagua rangi ya pazia wakati breki hawazijui hata kwa jina. Wanajenga ghorofa juu ya bati lililooza, halafu wanaliita nyumba.

Basi akaja saa tisa. "Shikamoo mjomba. Twende tukaijaribu Bagamoyo, tulale, kesho turudi."

Marahaba. Kutoka kwangu Tabata mpaka Bagamoyo si mwendo mrefu sana. Mtu mzima anaweza kuvumilia. Nikachukua kofia yangu.

Cha kwanza nilichoona ni kwamba gari limeinama upande mmoja, kama mzee anayesikiliza kwa sikio moja. Kumbe kabati. Ni la mninga, lile la kurithisha wajukuu, na lilibebwa na watu wanne kuingizwa. Lipo kushoto. Sinki lipo kushoto. Madumu mawili ya maji, ya lita ishirini kila moja, yapo kushoto chini ya sinki. Kulia kuna nini? Kulia kuna picha ya twiga.

Nikamuuliza kwa nini hakutumia mbao nyepesi. Akanijibu kwamba mninga unadumu. Ni kweli, mninga utadumu. Siku hilo gari litakapokuwa chuma chakavu, kabati litaendelea peke yake mpaka Cape Town.

Kila tuta kabati lilifunguka likatutemea sufuria. Tulipofika Tegeta mpwa akaegesha kituoni alifunge kwa kamba, na hapo ndipo kosa lilipofanyika. Gari amelipaka nyeupe, lakini rangi ni ya bei ya kutupa, na ule mstari wa zamani wa njia bado unachungulia ubavuni. Saa kumi na mbili kasoro ya Jumamosi, kituo kimefurika, kipanya kimesimama, mlango unafunguliwa. Wewe ungefanya nini? Wakaingia watu watano kabla mpwa hajageuka. Wanne walipoona hakuna viti wakashuka wakinung'unika. Mama wa samaki akabaki.

"Mimi nimechoka, mwanangu. Nitakaa hapa hapa."

Akakaa. Akaitazama ile nyumba taratibu, kabati, sinki, vitaa, twiga. "Pazuri," akasema. "Choo kiko wapi?"

Mpwa hakujibu. Nauli nilipokea mimi. Tusirudi huko.

Njiani ndoo ikayumba, maji ya samaki yakamwagika sakafuni. Nikainuka kutafuta tambara. Niliporudi nalo, maji hayapo. Nikadhani mbao zimeyanywa.

Boko tukasimama tena, foleni. Kijana mmoja, konda, nguo ya kazini, akalipita gari letu, akarudi nyuma, akalipiga kofi mara mbili ubavuni kama mtu anayemsalimia ng'ombe wake. "Ah! Si Mtaka Cha Uvunguni hii?"

Jina hilo, akatueleza, lilikuwa limeandikwa kioo cha nyuma. Mpwa alilikwangua wiki ya kwanza kwa wembe, akisema ni la kishamba. Konda alilifanyia kazi gari hilo miaka miwili. Akainama dirishani akamuuliza mpwa kwa upole kabisa: "Breki bado mnapampu mara tatu?"

Mpwa akanitazama. Mimi nikamtazama mama wa samaki. Mama akashika ndoo.

"Na kule nyuma," konda akaendelea, "chini ya mlango, chasisi walichomelea kipande. Tulipakia sana samaki wa Feri. Maji ya chumvi yale, mzee, hayana adabu." Foleni ikasogea, akatuaga.

Nikauliza kama kuna fundi aliyewahi kulala chini ya hili gari. "Lilikaguliwa lote, mjomba." Na nani? Akanyamaza mpaka Bunju. Mama aliposhuka na ndoo yake ndipo akasema kwa sauti ndogo: fundi seremala.

Na hapa najua mnachotaka kuniandikia. Peugeot 504 yangu. Ndiyo, bado iko chini ya mwembe, ndiyo, kuku wametagia kiti cha nyuma tena. Mpwa naye alinikumbusha, kabla hata ya Mapinga. Lakini 504 yangu haijawahi kujifanya inakwenda Cape Town. Imetulia, inajijua.

Bagamoyo tulifika salama, polepole, tukipampu. Usiku sitausimulia wote. Ukuta wa gari ni bati tupu, juu yake mbao moja kwa moja, hakuna cha kuzuia joto katikati. Mchana humo ni tanuri. Usiku watu wawili wanapumua, madirisha yamefungwa kwa sababu ya mbu, unyevu wa pumzi unakwenda kugandia kwenye bati nyuma ya mbao, mahali ambapo hakuna jicho litakaloona kutu ikianza. Na friji ilinguruma mpaka alfajiri, ikanyamaza yenyewe. Nikashukuru. Sikujua nashukuru msiba.

Asubuhi ufunguo ukazungushwa: tik. Tena: tik. Mpwa aliweka betri mbili, moja ya gari na moja ya nyumba, wazo ambalo ni sahihi kabisa. Kisha akaziunganisha moja kwa moja kwa waya, bila kifaa cha kuzitenganisha injini inapozimwa. Friji ikanyonya ya nyumba ikanyonya na ya gari, zikafa pamoja kama wapenzi wa kwenye filamu. Vijana wa Bagamoyo walitusukuma kwa elfu kumi, na mmoja wao aliuliza kama ni gari la maiti.

Wajerumani wameufanya mchezo huu siku nyingi. Mwaka 1951 kampuni ya Westfalia ilianza kutengeneza kasha la kambi la kuingiza ndani ya kombi za Volkswagen. Kombi yenyewe ilikuwa imeanza kutoka kiwandani mwaka mmoja tu kabla. Lilikuwa gari jipya, breki zake zikishika. Na kasha lile lilikuwa la kutoka: mwisho wa wiki kombi ni kambi, Jumatatu unalitoa, kombi inarudi kubeba mizigo. Mpwa wangu, mwenye gari lililozeeka kuliko yeye, amepigilia kila kitu kwa misumari ya inchi nne.

Jumatatu nilimburuta mpaka kwa fundi bodi, Gerezani. Mzee mmoja kimya, hana hata simu ya kuongelea. Hakutazama kabati. Alitandika boksi chini, akalala chali, akaingia uvunguni na bisibisi, akawa anadonoa chasisi taratibu, tk, tk, tk. Mbele ilikuwa inalia kama chuma. Karibu na mlango wa nyuma ikalia kama papai. Akasukuma kidogo tu. Bisibisi ikatokea ndani, sentimita tatu kutoka mguu wa kitanda.

Hapo ndipo nilipojua maji ya samaki yalikwenda wapi.

Fundi akatoka, akajifuta mikono. Pedi za breki zimeisha na masta silinda inavuja, hayo ni ya siku moja. Chasisi inachomeleka, akasema, chuma kipo cha kutosha kushikia. Ila hawezi kuwasha moto chini ya mbao, godoro na waya. Toeni.

"Nini?" mpwa akauliza.

"Vyote."

Misumari ile ya inchi nne ilichukua siku mbili kung'oka. Kabati la mninga lilitolewa na watu watano, kwa sababu mmoja wa wale wanne wa kwanza anaumwa mgongo. Mbao za sakafuni zimepasuka nusu. Twiga yupo.

Mlima wa Kitonga, kwenye barabara ya kwenda Tunduma, hautoroki, nimemwambia, utamsubiri aje na breki mpya. Yeye anasema ataondoka mwezi ujao. Fundi anasema wa baada ya huo. Kwa sasa kitanda cha safari kiko barazani kwangu, kimeunganishwa na ile betri moja iliyopona, na mpwa wangu analala hapo chini ya vitaa vinavyobadilika rangi. Kodi halipi.