Tahariri: Mkata miti asipande juu kabla ya karatasi kuandikwa

Mvua za mwezi wa kenda zikianza mjini Bukavu, simu za wakata miti nazo zinaanza kulia. Upepo wa kwanza unatingisha karatusi iliyoinamia nyumba, na mwenye parseli anakumbuka kwamba mti ule ulipaswa kukatwa tangu kiangazi. Kijana anaitwa. Anakuja na panga, kamba ya nailoni na tronsoneze, ile mashini ya msumeno, ambayo mara nyingi ni ya kukodi. Anautazama mti, anataja bei, wanapunguziana, na baada ya nusu saa amekwisha panda. Karatasi hakuna. Hakuna aliyeuliza nani atalipa manjanja ya jirani tawi likiyaangukia, wala nani atamfikisha kijana hospitali akianguka.

Katika mji wenye nafasi, jambo hili lingekuwa dogo. Bukavu haina nafasi. Cimpunda, Nyamugo au Panzi, ukuta wa nyumba moja unakaribia kugusa wa nyingine, na nyumba nyingi ni za mbao. Wakata miti wenye ujuzi wanafuata kanuni moja inayojulikana mahali pengi: mti ukiangushwa mzima, asiwepo mtu asiyehusika na kazi ndani ya umbali wa mara mbili ya urefu wake. Karatusi ya mita 20 inadai basi mita 40 zisizo na watu. Parseli gani ya Bukavu inazo? Ndiyo maana mti wa hapa haufai kuangushwa. Unashushwa kipande kwa kipande kuanzia juu, kila kipande kimefungwa kamba, na chini yuko mtu anayekiongoza. Hiyo ni kazi ya siku mbili au tatu, na haiwezi kuwa na bei ya kazi ya asubuhi moja.

Tatizo kubwa linaanzia kwenye malipo. Mara nyingi mwenye parseli hana pesa mkononi, na mapatano yanakuwa mepesi: «Kata, utabeba mbao.» Wote wawili wanaona wamepata faida. Mmoja ameondoa hatari bila kutoa franka, mwingine amepata mali ya kuuza. Lakini mbao zinataka gogo refu. Shina lililokatwa vipande vya mita moja na kushushwa kwa kamba linafaa kuni na makala tu. Shina lililoanguka na mita zake nne au tano ndilo linalopasuliwa mbao za kuuza. Kwa hiyo anayelipwa kwa mbao ana kila sababu ya kuangusha kipande kirefu kadiri awezavyo, mahali palepale ambapo usalama wa majirani unadai vipande vifupi. Hafanyi hivyo kwa roho mbaya. Anatafuta chakula cha watoto, na mapatano yenyewe yamemsukuma huko.

Kuna na hasara ya pili, isiyoonekana haraka. Mtu atakayelipwa kwa mbao hawezi kumwambia mwenye parseli kwamba mti wake ni mzima, na kwamba tawi moja lililokauka ndilo la kuondolewa. Miti mingi ya avoka mjini imekufa kwa namna hiyo, nayo ilikuwa ingali inalisha nyumba mbili tatu.

Sharti la kwanza la mkataba ni hilo basi: kazi ipewe bei yake kwa pesa, na mbao ziandikwe mbali. Kama mbao zitahesabiwa kuwa sehemu ya malipo, thamani yake iandikwe, na iandikwe pia kwamba shina litashushwa kwa vipande visivyozidi urefu fulani. Mkata miti akikataa sharti hilo, amekwisha onyesha alichofuata.

Kazi yenyewe nayo inahitaji maneno zaidi ya «kukata mti». Mti upi? Unaondolewa wote, au unapogolewa? Kama ni kupogoa, ni matawi gani, na yanakatwa wapi? Kukata kichwa chote cha mti ni desturi iliyoenea sana mjini, na ni desturi mbaya: mti unatoa machipukizi mengi yaliyoshikwa juu juu, ambayo baada ya miaka michache yanakuwa matawi mazito yanayovunjika kwa upepo. Mwenye parseli atalipa tena, na safari hiyo hatari itakuwa kubwa kuliko ya kwanza.

Kisiki kinasahauliwa karibu kila mara. Karatusi ikikatwa inachipuka tena. Asiyeitaka aandike nani atayakata machipukizi na mpaka lini. Lakini kung'oa kisiki kwenye mteremko ni kosa ambalo mji huu haupaswi kulirudia. Mizizi ndiyo inayoshika udongo juu ya nyumba za chini. Ukichimba shimo kubwa mwezi wa kumi, unayafungulia maji ya mvua mlango, na Bukavu imekwisha zika watu wengi chini ya udongo ulioporomoka. Mahali pa mteremko, mkataba useme wazi kwamba kisiki kinabaki ardhini.

Sharti ambalo watu wengi wanaliona kuwa kinga yao ndilo lenye udanganyifu zaidi. Wale wachache wanaoandika karatasi wanapenda kumaliza na sentensi hii: «Mwenye parseli hahusiki na ajali yoyote.» Wanaiweka sahihi na kulala usingizi. Lakini mkataba unawafunga wale waliouandika. Jirani hakuweka sahihi. Kitabu cha tatu cha sheria ya kiraia ya Congo, kilichotoka katika dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, kinasema katika kifungu cha 258 kwamba aliyemsababishia mwingine hasara kwa kosa lake analazimika kuilipa. Kifungu cha 260 kinaenda mbali zaidi: mtu anajibu pia kwa vitu vilivyo chini ya ulinzi wake, na bosi anajibu kwa makosa ya watu aliowatuma kazi. Mti uliosimama katika parseli uko chini ya ulinzi wa nani? Na mwenye parseli anayesimama chini akipaza sauti «kata lile, acha hili», atamweleza hakimu namna gani kwamba hakuwa anaongoza kazi?

Jirani aliyevunjiwa nyumba anaweza basi kumfuata mwenye parseli, hata kama karatasi ina sahihi kumi. Mkataba unachoweza kufanya ni kupanga kati ya wale wawili nani atabeba nini mwishoni. Hapo upo ugawanyaji wa haki. Hasara iliyotokana na namna ya kukata, kama kamba iliyofungwa vibaya au kipande kilichoachiliwa, iwe juu ya mkata miti. Hasara iliyotokana na jambo ambalo mwenye parseli alilijua akalificha, kama shina lenye uvungu ndani au fosi iliyofunikwa kwa udongo, iwe juu yake. Kabla ya kuanza, wote wawili wazunguke nyumba za jirani na kuandika manjanja gani yalikuwa yamekwisha toboka na ukuta gani ulikuwa na ufa. Picha za simu zinatosha. Bila hayo, kila ufa wa zamani utakuwa umeletwa na mti.

Huko Uingereza kazi hii ina kanuni zake zilizochapishwa, BS 3998 ya mwaka 2010, na mteja anashauriwa kuomba cheti cha bima kabla ya kukubali bei. Nchini RDC, sheria ya tarehe 17 Machi 2015 ilifungua soko la bima ambalo SONAS ilikuwa imelishika peke yake, lakini kijana mwenye panga na kamba hatafuti bima, na ofisi za bima hazimtafuti. Kwa sasa karatasi ya mapatano ndiyo bima iliyopo.

Na kijana mwenyewe? Kuhusu yeye, mapatano ya mdomo ni ya ukatili. Anapanda mita 15 kwa kamba moja iliyochakaa, miguu mitupu, tronsoneze inaning'inia kiunoni. Wengi wa wafanyakazi hawa hawajaandikishwa popote, na CNSS haiwajui. Akivunjika mgongo, jamaa yake itauza mbuzi na redio, na mwenye parseli atatoa «kitu kidogo cha kusaidia» kwa kipimo cha huruma yake siku hiyo. Mkataba useme ni nani analipa matibabu ya kwanza, na mpaka kiasi gani. Useme pia mambo ambayo bila hayo hapandi: kamba ya pili iliyofungwa mahali pengine, kofia ngumu, viatu, mtu chini wa kuzuia watoto, na kutopanda kabisa mvua inaponyesha au upepo unapovuma. Bei itapanda kidogo. Mwenye parseli anayeona hiyo ni ghali ahesabu gharama ya siku tatu za hospitali, kwa sababu watu wa kijana watakuja mlangoni kwake, mkataba uwepo usiwepo.

Kuhusu umeme, mji huu una hatari yake ya pekee. Mahali pengi matawi yamefunika nyaya, na wakata miti wamezoea kufanya kazi wakati wa delestaje. «Umeme hakuna leo,» wanasema, na mtu anapanda. Lakini delestaje haina saa. Umeme unaweza kurudi wakati mtu ameshika tawi bichi lililolalia waya. Kukosekana kwa umeme nyumbani si sawa na laini iliyokatwa na fundi wa SNEL kwa ajili ya kazi. Mkataba uandike nani atakwenda kuomba laini ikatwe, na kwamba hakuna atakayepanda kabla ya fundi kufika. Hata kama kungoja huko kutachukua juma zima.

Mengine ni mafupi, ingawa ndiyo yanayoleta kelele nyingi kwenye avenyu. Kabla ya yote, mti ni wa nani? Imeonekana mara nyingi: mpangaji anauza mti wakati mwenye nyumba yuko Uvira au Kinshasa, au mtu anakata mti ulio juu ya mpaka bila kumwita jirani. Sheria ya misitu ya tarehe 29 Agosti 2002 inasema miti iliyo katika shamba la mtu ni mali yake, lakini hiyo haimpi mpangaji haki ya kuiuza. Huduma ya mazingira nayo inaweza kudai ruhusa na kodi, hasa mbao zikitoka barabarani. Iandikwe nani anazilipa, la sivyo gari litasimamishwa na kila mmoja atamwonyesha mwenzake kidole. Avansi isizidi theluthi moja ya bei. Sehemu ya mwisho itolewe baada ya uwanja kusafishwa, na kusafisha kusimaanishe kutupa matawi kwenye mfereji wa maji au kwenye bonde, kwa sababu yatarudi na mvua ya kwanza, yakiziba daraja la watu wengine.

Wapo watakaosema kwamba hizi ni karatasi za wazungu, kwamba wakata miti wengi hawasomi, na kwamba neno la mtu mzima lilikuwa linatosha. Lilitosha wakati nyumba zilikuwa mbali, na wakati mtu na jirani yake walikuwa wa ukoo mmoja. Asiyesoma anaweza kusomewa kwa Kiswahili mbele ya mashahidi wawili, akaweka kidole. Na tangu mji uingie mikononi mwa AFC/M23 mwezi wa Februari 2025, kupeleka kesi ya manjanja mbele ya hakimu kumekuwa kugumu zaidi kuliko zamani, na hata zamani hakukuwa kurahisi wala bila gharama. Mizozo mingi ya aina hii inamalizikia kwa shefu wa avenyu. Bila karatasi, shefu anasikiliza mwenye sauti kubwa au mwenye mkono mrefu. Akiwa na ukurasa mmoja wenye tarehe, bei, picha na majina ya mashahidi, ana kitu cha kushika.

Ukurasa huo mmoja unaweza kutayarishwa kwa Kiswahili na watu wa sheria wa mji huu katika mchana mmoja, na nakala zikawekwa kwa kila shefu wa avenyu wa Ibanda, Kadutu na Bagira kabla mvua hazijakolea. Itolewe bure. Siku itakapowekewa kodi ya franka mia tano na muhuri wa kulipia, watu watarudi kwenye mapatano ya mdomo asubuhi ileile.