Mambo ya Nyumbani: Samaki Mmoja kwa Watu Kumi



Leo twataka kuanza na ulizo dogo. Mama mmoja arudi nyumbani kutoka soko la Bunia, jua likielekea kuchwa. Katika kikapu chake mna viazi ulaya, vitunguu, na samaki mmoja tu wa Ziwa Albert aliyekaushwa kwa moshi. Pamoja naye mwenyewe, watakaokula jioni ile ni watu kumi: mume wake, mama mkwe, watoto wao watano, na watoto wawili wa marehemu dada yake, ambao walikimbia vita huko Djugu wakaja kukaa kwake. Je, samaki huyu ataliwa na nani?

Sote twalijua jibu la desturi. Kichwa na mgongo ni vya baba. Kipande kinachofuata ni cha mama mkwe, na mkia humwendea mtoto mkubwa wa kiume. Wengine huchovya ugali katika mchuzi. Nao wale yatima wawili, ambao hawathubutu kunyosha mkono kabla ya wenzao, hupata harufu tu. Hakuna aliyewafukuza, wala hakuna aliyewaambia neno baya. Lakini mtoto ana macho. Huona upesi nani ni mtoto wa nyumba na nani ni mgeni.

Hatusemi kwamba mama huyu ni mchoyo. La, taabu ni kwamba samaki mzima hagawanyiki mara kumi. Basi leo twapenda kuwafundisha chakula kinachogawanyika.

Chakula hicho chaitwa kroketi. Wengi wenu mmekwisha kulisikia jina hili, kwa kuwa ni la Kifaransa. Lakini watu waliokifanya kuwa chakula cha kila nyumba ni Wajapani. Baada ya mwaka 1868 nchi ya Japani iliyapokea mambo mengi ya Ulaya, na upishi pia, na wenyeji wakakiita chakula hiki korokke. Mwanzoni kilikuwa chakula cha watu wenye fedha. Baadaye wauza nyama wa mijini wakaanza kukikaanga madukani mwao, wakitumia vipande vidogo vya nyama vilivyobaki, navyo viazi vikafanya vipande hivyo vitoshe watu wengi. Ndivyo kilivyokuwa chakula cha mfanya kazi na cha mwanafunzi. Kwenye pwani ya Afrika ya Mashariki, Unguja na Mombasa, watu wana ndugu wa chakula hiki, wamwitao katlesi: ni viazi na nyama ya kusaga vilivyochovywa katika yai na kukaangwa.

Sisi wa Ituri tuna kila kitu. Viazi hulimwa katika miinuko yenye baridi ya Djugu na Mahagi, na samaki hutoka Kasenyi na Tchomia. Ni kweli, tangu mwisho wa mwaka 2017 vita vimerudi Djugu, na njia ikiharibika kwa ajili ya hatari, viazi huwa ghali Bunia. Siku hizo tumieni mihogo mitamu iliyochemshwa vizuri na kupondwa ingali moto. Kazi ni ile ile.

Vitu vinavyohitajiwa kwa kroketi ishirini na nne ni hivi: viazi kilo mbili, samaki mmoja mkavu wa nusu kilo, vitunguu vitatu, mayai mawili, kikombe kimoja cha unga wa ngano, mikate midogo minne iliyokauka, mafuta ya kukaangia nusu lita, chumvi na pilipili kidogo.

Kwanza, chukueni mikate iliyobaki tangu juzi, ile ambayo watoto huikataa kwa kuwa imekuwa migumu. Ianikeni juani, kisha itwangeni katika kinu mpaka iwe chembechembe, lakini isiwe unga. Mkate wenye kuvu usitumiwe, utupwe.

Pili, loweka samaki katika maji ya moto, kisha ondoa ngozi na miiba yote. Mpekue kwa vidole mara mbili, maana mwiba mmoja waweza kumdhuru mtoto. Ukitumia makayabo, yaani samaki wa chumvi, umloweke usiku mzima na kubadili maji mara mbili au tatu. Naye hahitaji chumvi nyingine. Kaanga vitunguu katika mafuta kidogo mpaka vilainike, tia samaki, koroga mpaka maji yakauke.

Tatu, menya viazi. Sehemu yenye rangi ya kijani na macho yaliyochipuka yakatwe kabisa, kwa kuwa yana sumu. Chemsha katika maji yenye chumvi mpaka viive, mwaga maji yote, halafu rudisha sufuria juu ya mbabula kwa dakika mbili, ukiitikisa, ili unyevu utoke. Ponda viazi vingali moto. Changanya na samaki, onja chumvi, uache vipoe.

Nne, gawa mchanganyiko katika mafungu ishirini na manne yaliyo sawa. Kila fungu lifinyange kama yai lililobonyezwa kidogo. Lipitishe katika unga, kisha katika yai lililopigwa, mwisho katika chembe za mkate. Kama mayai ni ghali, koroga unga wa ngano na maji mpaka uwe kama uji mzito; huo nao hushika vizuri.

Tano, tia mafuta katika kikaango, kimo cha nusu kidole tu. Tupa chembe moja ya mkate: ikipiga kelele na kuelea mara moja, mafuta ni tayari, ikiwa nyeusi upesi, moto umezidi. Kaanga kroketi nne au tano kwa safari moja, ukizigeuza mara moja tu, mpaka zipate rangi ya dhahabu pande zote mbili. Watoto wadogo wakae mbali na mbabula. Na kama mafuta yakiwaka, usimwage maji kamwe! Funika kikaango kwa kifuniko, uache moto ufe.

Mwanafunzi mmoja atauliza: kwa nini nyingine hupasuka? Sababu ni tatu. Viazi vilikuwa na maji mengi. Au mafuta hayakupata moto wa kutosha. Au mpishi alijaza kikaango kwa haraka. Asiye na subira hula viazi vilivyosambaratika.

Sasa tuseme juu ya gharama. Mafuta nayo hula fedha. Kwa hiyo yachujeni kwa kitambaa safi yakipoa, muyatumie tena mara moja au mbili. Yakiwa meusi na yenye harufu kali, yamwageni. Pembeni wekeni sombe au lengalenga, na ugali kidogo, na chakula cha jioni kimetimia. Siku ya Ijumaa chafaa sana, kwa kuwa hakina nyama. Lakini msikipike kila siku! Mwaka 1917 huko Japani ulienea wimbo wa kuchekesha juu ya mume aliyechoka kulishwa korokke na mke wake. Badilisheni: leo samaki, wiki nyingine maharagwe au mayai yaliyochemshwa.

Turudi kwa yule mama wetu na watu wake kumi. Kroketi ishirini na nne: kila mtu apata mbili, nazo nne zabaki. Baba apata mbili zenye samaki. Mtoto wa mwisho apata mbili zenye samaki. Na wale yatima wawili, kila mmoja apata mbili zenye samaki, sawasawa na za baba. Hakuna aliyehitaji kuomba, wala hakuna aliyehitaji kuona haya. Zile nne, mama aweza kumpelekea jirani mgonjwa, au kuwafungia watoto wa shule asubuhi.

Akina baba, twawasihi ninyi pia. Huenda mtu akasema kwamba heshima ya mwenye nyumba ni kipande kikubwa. Sisi twaona kwamba heshima yake ni kutazama mezani na kukuta hakuna mtoto anayetazama sahani ya mwenzake. Bwana wetu alipowalisha watu kwa mikate mitano na samaki wawili, aliwaketisha wote, wote wakashiba, kisha akaagiza vipande vilivyobaki vikusanywe visipotee. Mikate iliyokauka, samaki mdogo, watu wengi: mambo hayo ni yale yale ya jikoni kwenu.

Nanyi vijana, msimwachie mama kazi yote. Mvulana aweza kutwanga mkate, na msichana kuondoa miiba, au wabadilishane. Na mafungu yakigawiwa, mwacheni yule yatima mdogo ayahesabu. Akihesabu mwenyewe, atajua bila kuambiwa kwamba amehesabiwa naye.