Fizikia ilikuwa ndani ya matatu, sisi tukakariri

Panda matatu kuukuu jioni, ukae dirishani. Mkiwa kwenye foleni, injini ikinguruma polepole, kioo kinatetemeka utadhani kinataka kuruka nje. Dereva akikanyaga mafuta, kelele ya kioo inakatika ghafla. Injini imeongeza nguvu, kioo kimenyamaza. Kwa nini?

Nilisoma fizikia miaka miwili, nikaiacha Kidato cha Tatu, na hakuna siku niliulizwa swali hilo. Niliulizwa maana ya rezonansi, nikaandika sentensi niliyokariri, nikapata alama zangu mbili. Basi.

Na si kitu kigumu. Kila kinachoweza kutikisika kina mpigo wake. Kumsukuma mtoto kwenye bembea hakutaki misuli, kunataka kusukuma kwa wakati wake. Visukumo vidogo vikifuata mpigo wa bembea vinajumlishana; ukisukuma ovyo, hata uwe na nguvu za fahali, unajichosha tu. Kioo cha mat nacho kina mpigo wake. Injini ikiufikia, kinacheza. Ikiupita, kinatulia. Redio ni mambo yayo hayo: mawimbi ya stesheni zote yanafika kwenye eriali, lakini saketi inaitikia ile tu uliyoitafuta.

Tungeambiwa hivyo, labda pia tungeambiwa kuhusu jiji la Mexico. Tarehe 19 Septemba 1985, tetemeko lilitokea pwani ya Pasifiki, zaidi ya kilomita 300 kutoka jijini. Sehemu kubwa ya jiji hilo imejengwa juu ya udongo laini wa ziwa la kale, na udongo huo ukaanza kuyumba, kwenda na kurudi takriban kila sekunde mbili. Nyumba fupi nyingi zilipona. Torre Latinoamericana, jumba la orofa 44, lilibaki limesimama. Zilizoumia zaidi ni zile za katikati, za orofa kama 6 hadi 15, kwa sababu mpigo wake ulikaribiana na wa udongo. Maelfu ya watu walikufa. Urefu pekee haukuwa hatari. Hatari ilikuwa kulingana na ardhi iliyo chini yako, na hilo mhandisi anaweza kulipigia hesabu kabla hata jiwe la kwanza halijawekwa.

Sasa niambie, hiyo ni mada ya alama mbili?

Dogo wangu yuko Gredi ya Tisa na anatakiwa kuchagua mkondo wa sekondari pevu. Anasema STEM ni ya "wale vichwa". Simlaumu. Ameonyeshwa fomula, hajaonyeshwa kioo. Walimu watasema hawana maabara, na ni kweli, shule nyingi hazina vifaa vya maana. Lakini bembea si maabara. Foleni ya Jogoo Road si maabara, na iko kila siku, bure kabisa.

Jumamosi nilimpa chupa tupu ya soda, nikamwambia apulize juu ya mdomo wake. Ikavuma. Tukaongeza maji kidogo, akapuliza tena, sauti ikapanda. Akaniangalia. "Imepandaje na chupa ni ile ile?"

Sikumjibu. Nilimpa maji mengine.